Saa ya Bamvua: shajara ya mradi, Mikindani

Februari, maji mafu

Mbao zimelipiwa, kwa hiyo mradi umeanza. Tuko watatu. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza feni, pampu na cherehani hapa Mtwara mjini. Wa pili ni fundi mashua wa Mikindani, kilomita kama kumi kutoka hapa. Wa tatu ni mchonga mpingo, Mmakonde aliyekulia upande wa Lindi, ambaye tunamwita Mzee ingawa ndevu zake bado nyeusi. Tunajenga saa ya mbao ya ukutani, kubwa kumzidi mtu, itakayokaa nje karibu na mashua na kuendeshwa na bahari yenyewe.

Ukishinda pwani ya Mikindani utasikia watu wakiulizana habari za wakati kutwa nzima, lakini ni nadra kusikia "saa ngapi?" Wanaulizana maji. Yameanza kutoka? Yatarudi lini? Bamvua, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, limebakiza siku ngapi? Mwenye ngalawa anataka kujua kama atapita juu ya mwamba bila kuukwaruza. Mama anayechokoa pweza anataka kujua atapata muda gani wa kutembea miambani kabla maji hayajamrudisha. Simu wanazo wote. Simu inasema 10:42, nayo inasema kweli, ila hakuna hata swali moja kati ya hayo linalojibiwa na 10:42.

Saa za maji zinazouzwa madukani huko nje zipo. Zina mshale mmoja unaozunguka mara moja kila saa 12 na dakika 25, juu imeandikwa maji kujaa, chini maji kupwa. Ni kitu kizuri, lakini kinanyamaza kuhusu jambo kubwa zaidi: maji ya leo ni bamvua au ni mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo tu? Kwa saa ile kila kupwa ni sawa na kupwa kwingine. Mchokoa pweza akikusikia ukisema hivyo atakucheka, maana siku za maji mafu mwamba wake hautoki kabisa.

Machi, bamvua

Haya ndiyo mabamvua makubwa ya mwaka, jua likiwa linakaribia ikweta. Tumechomeka mti uliotiwa alama za rangi kila sentimita kumi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa imepita mita tatu. Kwenye maji mafu ya wiki iliyotangulia ilikuwa kama mita moja tu.

Fundi mashua haoni sababu ya mti. "Bamvua maji yanapwa saa nne. Saa nne asubuhi, saa nne usiku. Yanajaa saa kumi. Hilo hata mtoto analijua." Na mti umemkubalia, kasoro ya dakika chache huku na huku. Kila siku inayofuata mambo yote yanasogea mbele kwa dakika kama 50. Baada ya wiki moja maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, na hayo ndiyo maji mafu. Wiki nyingine, bamvua tena. Kwa mwaka ni mabamvua 24 au 25.

Jambo ambalo mti umelionyesha vizuri ni kwamba bamvua kali haliji siku ile ile ya mwezi kuandama au ya mwezi mpevu. Linachelewa siku moja au mbili.

Aprili, mvua

Mvua haitoki mlangoni, kwa hiyo ni mwezi wa kalamu. Huu ndio ukurasa ninaoupenda zaidi katika daftari, nitauandika kwa urefu.

Jua linarudi pale pale angani kila saa 24. Mwezi unachelewa: unarudi baada ya saa 24, dakika 50 na sekunde 28, kwa wastani. Bahari inaufuata mwezi. Kwa hiyo nahitaji mishale miwili kwenye mhimili mmoja, mmoja wa jua na mmoja wa mwezi, na gia za mbao za kuuchelewesha wa pili kwa kiasi hicho hasa.

Kuanzia mwezi kuandama hadi kuandama kwingine ni siku 29 na nusu, na ziada kidogo. Katika muda huo jua limezunguka mara 29 na nusu, mwezi umezunguka mara 28 na nusu, maana umeachwa mzunguko mmoja mzima. Zidisha kwa mbili kuondoa nusu: 59 na 57. Basi gurudumu la meno 57 likilisukuma la meno 59, la pili litazunguka mara moja kila saa 24.842. Mwezi wenyewe ni 24.841. Mshale wetu utachelewa sekunde 3 kwa siku, yaani dakika 19 hivi kwa mwaka. Bahari yenyewe hupotoka zaidi ya hapo ndani ya wiki moja, kwa hiyo dakika 19 kwa mwaka ni za kusukuma kwa kidole siku moja na kusahau.

Tatizo lilikuwa jingine. Magurudumu mawili yakiingiana, moja linaenda kulia, jingine kushoto, na kila moja lina mhimili wake. Mimi nataka mishale iende upande mmoja na itoke katika tundu moja. Dawa yake ni mhimili wa pembeni: 57 ya jua inasukuma 59 iliyo pembeni, kwenye mhimili huo huo wa pembeni kuna gurudumu jingine linaloirudisha kasi ile ile katikati, kwenye bomba la shaba linalouzunguka mhimili wa jua. Hayo mawili ya kurudishia lazima yalingane meno, na lazima yatoshee katika nafasi ile ile kati ya mihimili. Jumla ya 57 na 59 ni 116. Nusu yake ni 58. Kwa hiyo 58 na 58! Nafasi inalingana bila kukata wala kuongeza. Nikichukua meno makubwa ya kukatika kwa msumeno wa mkono, milimita 15.7 kutoka jino hadi jino, mihimili inakaa sentimita 29 kamili moja kutoka kwa mwenzake. Magurudumu yote manne yana upana wa kati ya sentimita 28.5 na 29.5. Nilimpigia simu fundi mashua usiku ule ule. Alisema "vizuri" na kunitakia usingizi mwema.

Faida ya mishale hii miwili ndiyo iliyonifanya niache kabisa ule mpango wa kuchora sahani ya mwezi yenye sura nyeusi na nyeupe. Sahani haihitajiki. Mwezi ukiandama, mishale imelaliana. Ukiwa mpevu, imepeana mgongo, mmoja juu na mwingine chini. Hali zote mbili ni bamvua. Mishale ikifanya pembe mraba, ni maji mafu. Mtu akiwa mbali, bila kusoma namba hata moja, anaangalia upana wa pembe na kujua wiki hii bahari ni ya namna gani. Kila siku mshale wa mwezi unabaki nyuma kwa nyuzi 12 na kidogo.

Na yale maneno ya fundi mashua, kupwa saa nne, kujaa saa kumi, yanahamia kwenye mshale wa mwezi. Siku ya mwezi kuandama mishale iko pamoja, kwa hiyo wa mwezi ukifika saa kumi maji yamejaa. Siku nyingine haijalishi mshale wa jua uko wapi: wa mwezi ukigusa alama ya saa kumi, ya mchana au ya alfajiri, maji yamejaa, ukigusa saa nne, maji yamepwa. Alama nne tu. Tutazichoma kwa chuma cha moto.

Aprili, mwezi mpevu

Mvua bado. Nimenunua nondo za milimita 12 na bomba la shaba. Bei ya shaba siitaji hapa, nisije nikaharibu siku.

Mei, kusi imeanza

Tunakata magurudumu. Mbao ni mninga uliokaa kivulini muda mrefu, vipande vitatu vimegundishwa nyuzi zikikatana ili gurudumu lisipinde likipata unyevu wa chumvi. Kiolezo nimekichora kwenye karatasi ngumu na kukigandisha juu ya ubao. Meno 59 ni namba isiyogawanyika kwa kitu chochote, kwa hiyo huwezi kuanza na robo ukaja nusu ya robo kama mafundi walivyozoea. Fundi mashua alichukua utepe wa karatasi, akaupima mzingo mzima wa gurudumu, akautandaza mezani, akaugawa kwa mistari ya mshazari hadi vipande 59, kisha akauviringisha tena. Hivyo ndivyo anavyogawa nafasi za mataruma, yaani mbavu za mashua. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa kikokotoo.

Beringi za chuma nilizikataa tangu mwanzo. Hewa ya Mikindani inakula chuma, na beringi ikishaingia kutu huwa inasimama ghafla bila taarifa. Mzee ametoboa bushi za mpingo kwa keekee. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na una mafuta yake mwenyewe. Nondo ikishasuguliwa kwa msasa laini inazunguka ndani yake bila kulainishwa. Ulaya wanatengenezea zumari zao za klarineti kwa sababu kama hizo. Mzee hapendi sana habari hiyo. Anasema mti unaondoka Lindi na Mtwara kwa bei ya mti na kurudi kwa bei ya muziki.

Katika meno tunapaka nta ya nyuki tu. Grisi ni marufuku: mchanga unaikimbilia.

Juni, mwezi nusu

Tumebishana kuhusu upande wa kuzunguka, na ubishi huu ulistahili kuwapo.

Ukuta tuliopewa unatazamwa na mtu aliyeelekea kaskazini. Sisi tuko nyuzi 10 na robo kusini mwa ikweta. Kuanzia karibu tarehe 21 Februari hadi karibu 20 Oktoba, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, mbele ya mtazamaji. Linachomoza kuliani kwake, linapanda, linazama kushotoni. Kivuli cha kijiti mchangani nacho kinazunguka kinyume na mishale ya saa ya dukani. Saa za dukani zimefuata kivuli cha nchi za kaskazini mwa dunia, zilikoanzia. Mimi nataka mishale yetu iende na jua lililo mbele ya macho, kulia kwenda kushoto.

Fundi mashua alisema watu watadhani saa imeharibika. Nilimwambia kwamba mwaka 2014 Bolivia waligeuza saa ya jengo lao la bunge kule La Paz ili izunguke kinyume, kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa kusini mwa dunia. Akauliza kama Bolivia wana bahari. Hawana. Akasema basi hawawezi kuwa ushahidi.

Kilichomaliza ubishi ni magharibi ya siku ambayo mwezi mwembamba ulionekana. Nilikuwa nimeweka uso wa saa wa majaribio, wa karatasi, ukutani. Saa 12 asubuhi imekaa kulia, saa 6 mchana juu kabisa, saa 12 jioni kushoto, saa 6 usiku chini: saa 24 zote katika mzunguko mmoja, kama tunavyozihesabu. Jua lilikuwa limezama, mshale wake ukiwa mlalo kushoto. Mshale wa mwezi ulikuwa juu yake kidogo tu, nyuma yake. Na mwezi wenyewe ulikuwa pale pale, juu kidogo ya mahali jua lilipozamia. Mzee aliangalia mbingu, akaangalia karatasi, akasema, "Iache hivyo." Fundi mashua hakuongeza neno.

Kati ya Oktoba na Februari jua la adhuhuri litakuwa nyuma ya mtazamaji. Hilo tunaliacha.

Halafu swali la kuipatanisha na jua. Tumesimamisha kijiti kwa timazi na kufuatilia kivuli. Katikati ya Juni kivuli kifupi kuliko vyote kiliangukia saa 6 na dakika 19 kwa simu. Sababu ni kwamba saa ya simu nchi nzima inafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haugusi hata kipande cha Tanzania. Uko baharini mashariki kwetu. Mtwara ni nyuzi 40 na ushei. Kila nyuzi ni dakika 4. Kivuli chenyewe kitahama na msimu: Februari adhuhuri ya kweli inafika saa 6 na dakika 33, mwanzoni mwa Novemba ni saa 6 na dakika 3. Mshale wetu utakaa kwenye wastani, 6:19.

Mwalimu wa madrasa ya jirani, ambaye kivuli ni kazi yake kabla hakijawa yangu, alikuja kutazama. Alinikuta nimeinama, nikampa shikamoo kutoka chini. "Marahaba. Kwa nini saa kumi na mbili yenu isianze jua linapochomoza kweli, badala ya kuiweka mahali pamoja mwaka mzima?" Swali lake lina historia ndefu. Al-Jazari, mhandisi wa zamani, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1206, alieleza saa inayoendeshwa kwa maji ambayo urefu wa saa zake ulirekebishwa kufuatana na siku. Wajapani hadi mwisho wa 1872 waligawa mchana vipande sita na usiku vipande sita, mrefu au mfupi iwavyo, na mafundi wao wakatengeneza saa za mashine zinazokubali kunyooshwa hivyo. Ila Tokyo mchana wa Juni unauzidi wa Desemba kwa karibu saa tano. Sisi hapa mchana mfupi kabisa ni kama saa 11 na nusu, mrefu kabisa hauzidi saa 12 na dakika 45. Gharama ya mashine ya kunyoosha saa kwa tofauti hiyo ni magurudumu mengine manne na tabu isiyoisha. Mwalimu alikubali, kwa sharti kwamba tusiandike nyakati za swala juu yake. "Hizo tuachie sisi."

Julai, bamvua la mwezi mpevu

Pendulamu, ile fimbo ya kubembea inayoipimia saa mwendo, inacheza.

Ya kucheza upande mmoja kwa sekunde moja inapaswa kuwa na sentimita 99.4 ukiwa London au Paris. Hapa ni 99.1. Uzito wa vitu unapungua kidogo ukikaribia ikweta, kwa hiyo pendulamu ya Ulaya ikiletwa Mtwara inachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku. Jambo hili liligunduliwa na Mfaransa Jean Richer mwaka 1672, alipopeleka saa yake kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, akaikuta inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Alilazimika kuifupisha. Wengi walidhani ni joto tu limerefusha chuma.

Fimbo yetu ni ya mbao, kwani mbao hairefuki sana kwa joto ukifuata nyuzi zake. Chini tumefunga jiwe la mizani la kilo 5, lililostaafu kupima korosho. Nati iliyo chini yake ndiyo ya kurekebishia: milimita moja juu au chini ni kama sekunde 44 kwa siku. Kwa saa isiyo na mshale wa dakika hiyo ni anasa.

Juu kuna gurudumu la meno 30 na kipande cha umbo la nanga kinachoachia jino moja kila pendulamu inapokwenda na kurudi. Kutoka hapo hadi mshale wa jua ni hatua tatu za kupunguza kasi, mara 10, 12 na 12, zikizidishwa ni mara 1,440, sawa na dakika za siku nzima. Magurudumu madogo tumeyafanya ya vijiti vya mpingo vilivyosimama kati ya sahani mbili. Yana meno manane manane, na kijiti kimoja kikivunjika unakichomoa na kuingiza kingine.

Mlio ni mkubwa kuliko tulivyotarajia. Paka wa karakana amehama.

Agosti, maji mafu

Sasa bahari yenyewe. Hadi jana uzito wa kuendesha saa, kilo 10, ulikuwa unapandishwa kwa mkono kila asubuhi. Mpango ni kwamba maji yaupandishe.

Boya ni dumu la lita 20 lililotiwa mchanga hadi kilo 14, ndani ya sanduku refu la mbao lililozibwa mianya kwa kalfati kama mashua na kupakwa sifa (mafuta ya samaki), lenye tundu dogo chini. Tundu hilo linaruhusu maji ya kujaa na kupwa kuingia polepole, ila wimbi likipiga nje, ndani maji hayashtuki. Kamba inatoka kwenye boya hadi ngoma kubwa juu ya ukuta. Maji yakipwa, boya linashuka kwa uzito wake na kuvuta. Nyuma ya ngoma kuna gia ya nyuma ya baiskeli, ile inayoshika upande mmoja na kuteleza upande mwingine, na mnyororo wa baiskeli ulioungwa ncha kwa ncha. Kupwa kunapandisha kilo 10. Kujaa kunarudisha boya juu bila kugusa kitu. Mnyororo wa duara ni maarifa ya Christiaan Huygens, mwenye pendulamu ya 1656: saa inaendelea kusukumwa hata wakati inajazwa. Uzito ukifika juu kabisa mkanda wa ngozi unateleza, basi. Hata maji mafu yenye mita moja tu, mara mbili kwa siku, yanatosha na kubaki.

Mahali palitusumbua. Ukiweka sanduku karibu na ukuta, bamvua linapopwa maji yanaondoka yote na boya linakaa topeni. Fundi mashua alitaka tulisogeze mbali, kwenye kina, na kuleta kamba kwa puli tatu. Nilikataa puli: kila puli nje ni kutu na mtoto wa kuning'inia. Boya likikaa topeni kwa muda wa saa mbili halidhuru chochote, uzito umeshapanda kitambo.

Upande wa pili wa ngoma ndipo sanaa ya Mzee inapoingia. Ili kamba isilegee boya linapopanda, lazima kuwe na kitu cha kusawazisha kwenye ngoma ndogo, theluthi ya ile kubwa. Mita tatu za bahari zinakuwa mita moja ukutani. Mzee alikuwa ameanza kuchonga samaki, changu. Lakini kitu cha kusawazisha kinakwenda kinyume na boya: maji yakijaa kinashuka, yakipwa kinapanda. Akina mama waliokuwa wanarudi na michokoo begani walisimama kutuangalia tukijaribu na tofali. Mmoja wao, anayeheshimiwa pale kwa kujua kila tundu la mwamba, aliangalia kidogo tu.

"Baba, hilo maji yakitoka linapanda?"

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Basi huyo si samaki. Huyo ni pweza."

Changu ameuzwa. Mzee amechonga pweza kutoka gogo moja la mpingo, mikono minane ikipitana, kila mmoja ukianzia chini ya mwenziwe na kutokea mahali usipotarajia. Kwa tabia ya wachongaji wa Kimakonde hakuacha kipande cha gogo bila kazi: kati ya mikono kuna nyuso, ukizitafuta. Vinyonyaji amevipiga kwa patasi ya mviringo, kimoja kimoja, vikipungua ukubwa kuelekea ncha. Tumboni ametoboa tundu na kujaza chubwi za risasi hadi kilo 12. Maji yakitoka anapanda ukutani taratibu mno kwa macho kuona. Ukienda kunywa chai na kurudi amehama.

Agosti, bamvua la mwezi kuandama

Jioni Mzee alitusimulia habari za Tendaguru, kilima cha kwao Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, ambako mmoja wa wale wakubwa amesimamishwa hadi leo. Mifupa ina miaka kama milioni 150. Akauliza kama saa yetu ingewafaa wale.

Isingewafaa. Maji yanayojaa na kupwa yanaisugua dunia na kuipunguzia kasi kidogo kidogo, na mwezi unasogea mbali, sentimita 3.8 kila mwaka; hupimwa kwa leza kwenye vioo walivyoviacha wanaanga huko kuanzia 1969. Siku ya dinosaria wa Tendaguru ilikuwa fupi kuliko yetu kwa zaidi ya nusu saa, na mwezi nao ulikuwa na mwendo wake. Meno 57 na 59 ni ya enzi zetu. Mzee aliipenda sana hii, kwamba kitu kinachojaza saa yetu ndicho kinachoichelewesha dunia. Fundi mashua alisema anayejua hayo na bado anadaiwa hela ya misumari apunguze maneno.

Septemba

Saa iko ukutani na inatembea. Matokeo:

Wiki za bamvua alama za saa nne na saa kumi zinapatana na mti wenye rangi vizuri kuliko nilivyothubutu kutabiri. Kuelekea maji mafu na baada yake bahari inatangulia au kuchelewa, wakati mwingine kwa muda unaokaribia saa nzima, kwani jua nalo linavuta maji upande wake. Tungeweza kuongeza gurudumu la kusahihisha. Nimeamua tusiongeze. Maji mafu hakuna anayewahi mwamba, na pweza wa ukutani yupo kuonyesha maji yenyewe yalivyo, si yanavyotakiwa kuwa. Pale mshale na pweza wasipopatana, watu wanamwamini pweza, nami pia.

Mwenye duka la vinywaji jirani analalamika kwamba mshale wa jua uko nyuma ya simu yake kwa dakika 19 na haumwambii dakika. Anataka tuweke mshale wa tatu. Nimemweleza habari ya nyuzi 45, akasema nyuzi zibaki baharini, yeye bajaji ya soda inafika kwa saa ya simu. Ni kweli. Lakini simu anayo. Mshale wa dakika hautawekwa.

Vijana wa bodaboda wameanza kuagana kwa pembe: "tukutane ikifunga," yaani mishale ikilaliana. Wameubuni wenyewe.

Oktoba, maji mafu

Kabla kaskazi haijaingia: kubadilisha kamba ya boya (ya katani imeanza kuoza, tunajaribu ya nailoni ya nyavu); kibanda cha bati juu ya pendulamu, upepo wa jioni unaigusa; nta mpya kwenye 57 na 59; kumlipa fundi mashua hela ya misumari. Mnada wa korosho umeshaanza, kwa hiyo hela itapatikana. Sanduku litatolewa bamvua lijalo, saa nne asubuhi, likwanguliwe chaza.